Dawa haijui ugonjwa, inajua kipokezi: namna dawa za magonjwa ya akili zinavyofanya kazi katika ubongo

Mwanafunzi wa uuguzi anayeanza mafunzo kwa vitendo katika wodi ya afya ya akili, iwe Mirembe mjini Dodoma, Mathari jijini Nairobi au Kidongo Chekundu kisiwani Unguja, hukutana mapema na chati yenye fumbo. Mgonjwa mmoja ameandikiwa haloperidoli kwa sababu anasikia sauti zisizokuwepo, na mstari unaofuata ameandikiwa triheksifenidili, ambayo wengi huiita benzheksoli au Artane. Dawa hii ya pili haiondoi sauti, na ikizidi inaweza yenyewe kumchanganya mgonjwa akaona vitu visivyokuwepo. Imeandikwa pale kwa sababu ya kile ambacho dawa ya kwanza inakifanya mahali pengine katika ubongo uleule. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini dawa hizo mbili zinaandamana ameshaelewa sehemu kubwa ya famakolojia ya magonjwa ya akili, kwa kuwa dawa nyingine karibu zote hufuata mantiki hiyohiyo.

Mantiki yenyewe ni hii: molekuli ya dawa haitambui skizofrenia, sonona wala wasiwasi. Inachotambua ni protini fulani, yaani kipokezi, pampu, mlango wa chembe za chumvi au kimeng'enya, na popote protini hiyo ilipo mwilini dawa itaifikia na kuishika, kama mvua ambayo hainyeshei mahindi ikayaacha magugu. Kwa hiyo kile tunachokiita tiba na kile tunachokiita maudhi madogo madogo mara nyingi ni tendo moja la kikemia linalotokea mahali pawili. Muuguzi anayekariri orodha ya maudhi ya kila dawa atazisahau orodha hizo baada ya mtihani. Anayejua dawa inashika kipokezi gani, na kipokezi hicho kiko wapi, ataweza kutabiri maudhi yake hata kwa dawa ambayo hajawahi kuitoa.

Mawasiliano katika ubongo yana hatua mbili. Ndani ya seli ya neva ujumbe husafiri kwa umeme, lakini unapofika mwisho wa seli hukuta upenyo mwembamba uitwao sinapsi, wenye upana wa takriban nanomita 20, ambao kwa kawaida umeme huo hauuvuki. Hapo seli humwaga kemikali kutoka katika vifuko vyake vidogo. Kemikali hiyo huvuka upenyo, hushika vipokezi vya seli ya pili, na seli hiyo ama huchochewa ama hutulizwa. Hivi ndivyo vipitishi vya neva. Vikishafikisha ujumbe haviachwi vizagae, bali vingine husombwa na pampu maalumu kurudi katika seli iliyovitoa, na vingine huvunjwa na vimeng'enya, kikiwemo kile kiitwacho monoamini oksidesi. Seli inayomwaga nayo ina vipokezi vya kujipima, ambavyo huhisi kiasi kilichokwisha kumwagwa na kuiagiza ipunguze. Vipokezi hivi vya kujipima havipewi uzito darasani, lakini bila hivyo haiwezekani kueleza kwa nini mgonjwa wa sonona husubiri wiki kadhaa kabla ya kupata nafuu.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Nyingi mno kati ya hizo hutumia glutamati, ambayo huchochea, au GABA, ambayo hutuliza. Dopamini, serotonini na noradrenalini hutengenezwa na seli chache sana, zilizokusanyika hasa katika shina la ubongo, lakini matawi yake hutapakaa karibu kila pembe ya ubongo. Ndiyo maana dawa inayogusa dopamini peke yake inaweza kubadili mawazo, mwendo, ari na hata kutoka kwa maziwa matitini.

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe katika ubongo ulitokana na sungura. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake nchini Sweden waliwapa sungura reserpini, dawa inayotokana na mimea ya jenasi ya Rauvolfia, ambayo huzuia seli kuhifadhi dopamini, serotonini na noradrenalini katika vifuko hadi akiba inakwisha. Sungura wakawa hawajongei. Walipochomwa sindano ya L-DOPA, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, waliamka na kuanza tena kutembea. Kutokana na njia hiyo L-DOPA ikaja kuwa tiba ya ugonjwa wa Parkinson, na Carlsson akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000. Kwa wasomaji wa Kilimanjaro jenasi hiyo si ngeni: msesewe, ambao magome yake huipa mbege uchungu wake, ni Rauvolfia caffra.

Miaka mitano kabla ya sungura wale, mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris walikuwa wamewapa wagonjwa wa saikosisi, yaani waliopoteza mguso na uhalisia, klorpromazini, dawa ambayo daktari wa upasuaji Henri Laborit alikuwa ameipendekeza baada ya kuona inavyowatuliza wagonjwa wake wa upasuaji. Wagonjwa walitulia, na kwa wengi imani potofu na sauti zilipungua. Lakini baadhi yao walianza kutembea kwa hatua fupi, uso umekauka bila hisia, mikono ikitetemeka, kama watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuyaunganisha mambo haya mawili: klorpromazini haimalizi akiba ya dopamini kama reserpini, bali inaziba vipokezi vyake, hasa vile vya aina ya D2, na matokeo kwenye mwendo yanafanana kwa sababu ujumbe wa dopamini haufiki ama kwa njia hii ama kwa ile. Ushahidi wa upande wa pili unaonekana mitaani kwetu. Amfetamini huongeza dopamini katika sinapsi na inaweza kumletea mtu mzima wa afya hali inayofanana na skizofrenia, na kathinoni iliyomo katika majani mabichi ya miraa, au mirungi, hufanya kazi kwa njia inayofanana nayo. Mgonjwa anayemeza haloperidoli asubuhi na kutafuna mirungi jioni anaingiza mwilini dawa mbili zinazopingana, na historia ya matumizi ya mirungi inastahili kuulizwa bila kumhukumu kila mara dozi inapoonekana haimfai.

Turudi sasa kwenye ubongo wa mgonjwa wa haloperidoli. Dopamini hupita katika njia kuu nne. Njia ya kwanza huenda kwenye mfumo wa limbiki, unaohusika na hisia na uzito tunaoyapa mambo tunayoyaona na kuyasikia. Dopamini ikizidi hapo, jambo lisilo na maana, kama vile gari lililoegeshwa nje, huonekana lina ujumbe maalumu kwa mgonjwa, na kuziba D2 katika njia hii ndiko kunakopunguza sauti na imani potofu. Njia ya pili huenda kwenye gamba la mbele la ubongo, penye umakini, mipango na ari, na huko inadhaniwa kwamba mgonjwa wa skizofrenia tangu mwanzo ana upungufu wa dopamini. Kuziba zaidi hakumsaidii, na kunaweza kumwongezea ubutu wa hisia na kukosa ari. Njia ya tatu hushuka kwenye striatamu, inayoratibu mwendo. Njia ya nne hutoka haipothalamasi hadi tezi ya pituitari, ambako dopamini kwa kawaida huizuia homoni ya prolaktini. Ikizibwa, prolaktini hupanda, hedhi hukatika, maziwa hutoka kwa mwanamke asiyenyonyesha, na mwanamume anaweza kuvimba matiti au kupungukiwa nguvu za kiume. Dada anayelalamika kwamba hajaona siku zake kwa miezi minne na kipimo cha mimba hakionyeshi kitu anamweleza muuguzi habari za tezi yake ya pituitari, na malalamiko hayo yanastahili kuandikwa na kufikishwa kwa daktari, kwa sababu wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu kama hiyo.

Striatamu ndiyo inayolifumbua fumbo la chati. Huko dopamini na asetilikolini huvutana, moja ikiizuia nyingine, na mwendo laini unategemea uwiano wao. Haloperidoli inapoiziba dopamini, asetilikolini hubaki na nguvu kupita kiasi, misuli hukakamaa na mikono hutetemeka. Triheksifenidili huziba vipokezi vya asetilikolini vya aina ya muskarini na kurudisha uwiano. Si kwamba inaifuta haloperidoli. Inapunguza upande wa pili wa mvutano, katika sehemu ya ubongo ambayo haihusiki na sauti. Gharama yake inatabirika kwa yeyote anayejua kipokezi hicho kiko wapi kwingine: mdomo hukauka, macho huona ukungu, choo huwa kigumu, mkojo huweza kuziba, na kwa mzee kumbukumbu huvurugika. Kwa hiyo si sahihi kuitoa kwa mazoea kwa kila anayepewa haloperidoli na kuiendeleza miaka yote. Inafaa itolewe palipo na sababu, na sababu hiyo iangaliwe upya kila baada ya muda.

Picha za ubongo wa wagonjwa wakiwa kwenye dawa zimeonyesha jambo lenye faida kubwa wodini. Nafuu ya saikosisi huanza kuonekana pale dawa inaposhika takriban asilimia 65 ya vipokezi vya D2, na kukakamaa huongezeka sana zinapozidi asilimia 80 hivi. Nafasi kati ya tiba na maudhi ni finyu kiasi hicho. Mgonjwa ambaye haloperidoli yake imeongezwa mara tatu kwa wiki moja kwa sababu bado ana fujo huenda alishavuka asilimia 80 siku ya pili, na kinachoongezeka sasa si tiba.

Maudhi ya mwendo yana ratiba yake, na ratiba hiyo husaidia kuyatambua. Ndani ya saa au siku chache za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume waliopewa sindano, shingo hupinda, macho huviringika juu, taya hukaza au ulimi hutoka nje na kushindwa kurudi. Ndugu wa mgonjwa wakiona hali hii hufikiri amerogwa au sindano imemharibu, na baadhi ya wahudumu hudhani ni kifafa, ingawa mgonjwa ana fahamu zake zote na anateseka. Hutibika ndani ya dakika kwa sindano yenye uwezo wa kuzuia asetilikolini, na pasipo na sindano nyingine promethazini hutumika, kwa kuwa dawa hiyo ya mzio nayo huziba vipokezi vya muskarini. Taya na koo zikihusika, njia ya hewa ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Baada ya wiki kadhaa huja ukakamavu na mtetemeko wa aina ya Parkinson. Baada ya miezi au miaka, kwa baadhi ya wagonjwa, hujitokeza mienendo isiyo ya hiari ya midomo, ulimi na vidole, ambayo inadhaniwa hutokana na vipokezi vya D2 kuongezeka wingi na wepesi baada ya kuzibwa muda mrefu. Hii inaweza kubaki hata dawa ikisimamishwa, na triheksifenidili huweza kuizidisha badala ya kuitibu.

Katikati ya ratiba hiyo, ndani ya siku au wiki za mwanzo, kuna hali moja ambayo nadhani ndiyo inayowaumiza wagonjwa wengi zaidi bila kutambuliwa. Mgonjwa hawezi kutulia. Anasimama, anakaa, anasimama tena, anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, anatembea usiku kucha katika wodi, na akiulizwa anasema kuna kitu ndani yake kinamsukuma. Inaitwa akathisia. Kwa macho ya haraka inafanana na fujo za ugonjwa wenyewe, daktari wa zamu hupigiwa simu, dozi huongezwa, na hali huzidi kwa sababu ni dozi iliyoileta. Mateso yake yamehusishwa na majaribio ya kujiua. Muuguzi ambaye yuko na mgonjwa saa nane mfululizo ana nafasi ya kuona kile ambacho raundi ya dakika tano haiwezi kuona: kwamba kutotulia kulianza baada ya dawa, kwamba kuko zaidi miguuni, kwamba mgonjwa mwenyewe anachukia kutotulia huko. Kuandika hivyo katika ripoti, pamoja na saa ya dozi ya mwisho, kunaweza kubadili uamuzi, kwa sababu tiba yake ni kupunguza dozi, kubadili dawa au kutoa propranololi, si kuongeza haloperidoli.

Ipo pia hali adimu lakini inayoua: homa kali, misuli migumu, jasho jingi, shinikizo la damu na mapigo yasiyotulia, na fahamu kuvurugika kwa mtu anayetumia dawa inayoziba dopamini. Katika nchi zenye malaria, homa hupelekwa maabara na dawa za malaria huanzishwa huku haloperidoli ikiendelea kutolewa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kipimo cha malaria kipimwe, lakini misuli iguswe pia. Ukimkunja mgonjwa kiwiko ukakikuta kigumu kupita kawaida, dawa ya saikosisi isimamishwe mara moja na daktari aitwe wakati huohuo. Kwa aliyepewa flufenazini dekanoeti, sindano ambayo kwa kawaida hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, jambo hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa dawa imeunganishwa na asidi ya mafuta, ikayeyushwa katika mafuta, na ikishaingia katika msuli hutoka polepole na haiwezi kurudishwa. Hiyo ndiyo sababu mgonjwa ambaye hajawahi kutumia dawa za kundi hilo haanzi na dozi kamili ya sindano ya muda mrefu.

Dawa mpya zaidi, kama risperidoni na olanzapini, huziba D2 pamoja na kipokezi cha serotonini cha aina ya 2A, jambo linaloaminika kuiachia dopamini nafuu kidogo katika striatamu. Kukakamaa hupungua, ingawa risperidoni kwa dozi kubwa bado huleta ukakamavu huo, na prolaktini huipandisha sana. Olanzapini na klozapini hushika pia vipokezi vya histamini na vya serotonini vinavyohusika na shibe, ndiyo maana uzito, sukari na mafuta katika damu hupanda. Mizani na kipimo cha sukari ni sehemu ya tiba yake kama vidonge vyenyewe. Klozapini huwafaa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa, lakini inaweza kushusha chembe nyeupe za damu hadi kiwango cha hatari, na haianzishwi mahali ambapo damu haiwezi kupimwa mara kwa mara.

Kwa sonona, mlango ulifunguliwa na kifua kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Marekani waliokuwa wakitumia iproniazidi, ndugu wa isoniazidi tunayoijua, waliona baadhi ya wagonjwa wakichangamka kuliko hali ya mapafu yao ilivyoweza kueleza. Ikabainika kwamba dawa hiyo huzuia monoamini oksidesi, hivyo serotonini na noradrenalini hazivunjwi upesi. Mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza matokeo ya imipramini, ambayo baadaye ilionekana kuziba pampu za kuzirejesha kemikali hizo. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huiziba pampu ya serotonini bila kugusa mambo mengine mengi. Kutokana na hapo ikaenea kauli kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, na kidonge kinajaza pengo.

Kauli hiyo ni rahisi kuisema lakini haiendani na ushahidi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakupata uthibitisho wa kudumu kwamba watu wenye sonona wana serotonini pungufu. Muda nao unaipinga: pampu huzibwa ndani ya saa chache tangu dozi ya kwanza, lakini hisia huanza kubadilika kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba serotonini inapoongezeka ghafla, vile vipokezi vya kujipima huiagiza seli ipunguze kumwaga, na dawa inakuwa kama inashindana na seli yenyewe. Baada ya siku na wiki, vipokezi hivyo hupoteza wepesi wake, seli huendelea kumwaga kama kawaida huku pampu ikiwa bado imezibwa, na mabadiliko ya polepole zaidi hutokea katika jeni zinazowashwa na katika miunganiko ya seli. Kutokuwepo kwa upungufu mwanzoni hakumaanishi kwamba dawa haifanyi kazi. Kunamaanisha kwamba kazi yake ni kuusukuma ubongo ujirekebishe, na kujirekebisha kunachukua muda.

Kwa mgonjwa, wiki hizo ni ngumu, kwa sababu maudhi hayasubiri. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko katika njia ya chakula, na hivyo kichefuchefu na kuharisha hutangulia nafuu. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo huacha dawa siku ya tano akiamini kwamba inamdhuru bila kumsaidia. Kuna na jambo zito zaidi: kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka katika wiki za mwanzo, na tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka onyo hilo liandikwe waziwazi, kwanza kwa watoto, kisha kwa vijana hao. Kinachotakiwa hapo ni ufuatiliaji wa karibu, pamoja na kumuuliza mgonjwa moja kwa moja kuhusu kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo.

Amitriptilini, ambayo bado hutumika sana kwetu kwa kuwa ni ya bei nafuu, ni funzo zuri la kusoma maudhi kwa kipokezi. Huziba pampu za serotonini na noradrenalini, na hiyo ndiyo tiba. Huziba muskarini, basi mdomo hukauka na choo hufunga. Huziba histamini, basi usingizi na uzito huongezeka. Huziba vipokezi vya alfa katika mishipa ya damu, basi mzee akiinuka ghafla kitandani shinikizo lake hushuka na akaanguka. Mwisho, huziba milango ya sodiamu katika moyo, na hilo ndilo linaloifanya iue inapomezwa kwa wingi. Mgonjwa wa sonona mwenye mawazo ya kujiua hapaswi kuruhusiwa aende nyumbani na vidonge vya miezi miwili. Idadi ndogo, au ndugu wa kumtunzia dawa, ni kinga halisi.

Serotonini ikizidi mno nayo ni hatari: mtetemeko, misuli kurukaruka, jasho, kuharisha, joto la mwili na fahamu kuvurugika. Hutokea zaidi dawa mbili zinapokutana, na hapa Afrika Mashariki miungano miwili inafaa kukumbukwa: fluoksetini na tramadoli, dawa ya maumivu ambayo nayo huzuia pampu ya serotonini, na fluoksetini na linezolidi, inayotolewa kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, ambayo pamoja na kuua bakteria huzuia monoamini oksidesi.

Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliripoti manufaa yake kwa wagonjwa wa mania, yaani msisimko uliopita kiasi, mwaka 1949, ni tofauti na dawa zote hizi, kwa kuwa haishiki kipokezi chochote cha juu ya seli. Huingia ndani na kuvizuia vimeng'enya vinavyopokea ujumbe wa vipokezi na kuupeleka mbele, hivyo mawimbi ya hisia ya mgonjwa wa baipola, anayepanda hadi mania na kushuka hadi sonona, hupungua kimo. Kwa muuguzi, hata hivyo, kiungo cha kukiangalia ni figo. Figo huichukulia lithiamu kama sodiamu: mwili ukikosa maji na chumvi, kwa kuharisha, kutapika, jua kali au mfungo, figo huishikilia chumvi na lithiamu pamoja nayo. Kiwango cha tiba kwenye damu ni takriban milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na kikizidi 1.5 dalili za sumu hutarajiwa: mikono kutetemeka sana, kuharisha, kuyumba, ulimi kuwa mzito. Diklofenaki au ibuprofeni inayonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mgongo inaweza kukipandisha, vilevile baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na mgonjwa hatalitaja hilo asipoulizwa.

Mahali ambapo lithiamu au kipimo chake hakipatikani, karbamazepini na valproeti huchukua nafasi yake. Karbamazepini huiziba milango ya sodiamu ya seli zinazofyatua umeme kwa kasi, lakini pia huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa. Vidonge vya uzazi wa mpango hupoteza nguvu, haloperidoli hushuka, na dolutegraviri, dawa ya VVU, hushuka kiasi kwamba anayezitumia pamoja huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Valproeti huharibu ukuaji wa mimba: takriban mtoto 1 kati ya 10 waliopata dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na wengi zaidi huchelewa kujifunza. Msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba asianzishiwe bila mazungumzo ya wazi na njia ya uhakika ya kuzuia mimba.

Imebaki GABA. Kipokezi chake cha aina ya A ni mlango wa kloraidi. GABA ikikishika, kloraidi huingia na seli hutulia. Diazepamu haifungui mlango huo yenyewe, bali huongeza mara ambazo GABA inaufungua, na kwa sababu hutegemea GABA iliyopo, ikimezwa peke yake si rahisi kuua. Ikikutana na pombe au dawa za kundi la mofini, upumuaji unaweza kusimama, na anayechomwa diazepamu mshipani polepole anahesabiwa pumzi hata akionekana amelala vizuri. Wodi za kifua kikuu zina mfano wa upande wa pili: isoniazidi hupunguza vitamini B6, ubongo unaihitaji vitamini hiyo kutengeneza GABA, na aliyemeza isoniazidi kupita kiasi hupata mishtuko ya kifafa inayotibiwa kwa B6 ya dozi kubwa.

Diazepamu inapotumika kila siku kwa wiki nyingi, vipokezi vya GABA hupungua wepesi na glutamati hupata nguvu ya ziada ili kuweka uwiano. Pombe huleta mabadiliko yaleyale, na ndiyo maana diazepamu hutibu kuacha pombe ghafla. Diazepamu ikiondolewa kwa siku moja, ubongo hubaki na uchochezi usio na kizuizi: mgonjwa hakosi tu usingizi, bali hutetemeka, hutoka jasho na anaweza kupata mishtuko ya kifafa. Kwa kuwa diazepamu na zao lake hukaa mwilini kwa siku kadhaa, mishtuko hiyo huweza kuja siku ya nne au wiki moja baada ya kidonge cha mwisho, wakati kila mtu ameshasahau kwamba kilikuwepo. Mgonjwa anapolazwa kwa sababu nyingine yoyote, iwe ajali, upasuaji au uzazi, swali kuhusu dawa za usingizi na za wasiwasi anazotumia nyumbani, na siku alipomeza mara ya mwisho, liulizwe siku hiyohiyo ya kulazwa na jibu lake liandikwe kwenye chati.